Ratili Moja, Digrii Moja

Kwa hesabu ya shangazi yangu, ukibandika sufuria ya maji kwenye jiko na kuyapepea makaa vizuri, maji hayo yataganda.

Aliliandika jibu lenyewe kwa chaki kwenye sakafu ya saruji ya nyumba yake ya Kaloleni, akalipigia mistari miwili chini kama tulivyofundishwa sote shuleni, kisha akasimama mikono kiunoni akingoja sifa. Hasi kumi na saba nukta mbili.

"Waya," nikamwambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada ya baba, "hayo maji yako ukiyachochea moto yanakuwa baridi. Umetengeneza friji ya makaa."

"Kazi nimeonyesha ama sijaonyesha?"

"Umeonyesha."

"Basi nipe alama za kazi. Hiyo barafu tutaijulia mbele."

Waya alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika dobi ya hoteli moja karibu na ziwa, upande wa kupiga pasi. Pasi yenyewe ni rola ndefu ya chuma inayopashwa moto kwa mvuke. Unaingiza shuka upande huu, inatoka upande ule imenyooka, na ukisinzia kidogo rola inaondoka na ngozi yako. Mikono yake ina mistari ya kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, kama mtu aliyechapwa na mwalimu mwenye subira. Mvuke huo hutoka kwenye boila iliyo chumba cha nyuma, chuma kikongwe kilicholetwa kutoka Uingereza kabla baba yangu hajazaliwa. Anayeshika boila hashiki shuka. Ana kiti, ana funguo, na meneja mwenyewe hupiga hodi kabla ya kuingia. Mzee aliyekuwa akiishika alistaafu akarudi kwao Pap Onditi kufuga mbuzi, na Waya akaamua kwamba kiti kile ni chake.

Kilichokuwa kati yake na kiti ni maswali. Hoteli ilimkodi injinia mstaafu, mtu wa viwanda vya sukari, aje awahoji wawili waliojitokeza: Waya, na fundi wa umeme wa hoteli, mwanamume anayetembea na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Mzee wa Pap Onditi akampigia Waya simu akamtobolea siri. Injinia yule huanza na swali lilelile kila anakokwenda. Geji zote za boila ile, na majedwali ya bati yaliyopigiliwa ukutani, yameandikwa kwa vipimo vya Waingereza wa zamani, vya ratili na Farenhaiti. Kwa hiyo huuliza joto mahususi la maji, yaani joto linalotakiwa kuipandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja. Kisha humtaka mtu aligeuze kutoka jedwali moja kwenda jingine.

"Hapo," mzee alimwambia, "ndipo watu wote huanguka."

Mimi nilihitimu uhandisi wa mitambo na sina kazi, hali ambayo ukoo wetu huihesabu kuwa mali ya kila mtu. Anayetaka simu yake itengenezwe huniita, na anayetaka kujua kama mvua itanyesha pia huniita. Waya akaniita.

Nina tabia ambayo walimu waliitaja kwa upole na baba yangu kwa ukali: kila kitu nakiuliza kwa nini. Siku ya kwanza nilimuuliza Waya kwa nini hoteli isinunue geji mpya za Selsiasi, ikaachana na Waingereza.

"Kwa nini usiwanunulie wewe?" akajibu, na somo likaanza.

Nilimweleza kwamba Waingereza hao walikuwa na kipimo cha joto kiitwacho BTU, na walikiunda kwa maji. BTU moja ni joto la kuipandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Kwa hiyo ukiuliza joto mahususi la maji kwa kipimo hicho, jibu ni moja. Hakuna muujiza, waliamua tu iwe hivyo. Waya alilikubali hilo haraka, kwa sababu wakubwa kujiamulia mambo si jambo la kumshangaza mtu aliyefanya kazi hotelini.

Jedwali la pili lilikuwa la Selsiasi, na lilitumia BTU iliyonenepa: joto la kuipandisha ratili ileile kwa digrii moja ya Selsiasi. Jibu, moja. Jedwali la tatu lilitumia digrii za Rankine, ambazo ni Farenhaiti zilizoanza kuhesabiwa chini kabisa, mahali pasipo na joto lolote. Jibu, moja tena.

Waya akaweka chaki chini.

"Umekaa chuo kikuu miaka yote ile," akasema, "uje kuniambia moja ni moja?"

"Ndivyo ilivyo, Waya."

"Na kazi iko wapi? Mtu anaambiwa geuza, anajibu imeshageuka? Nani atampa alama?"

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nikipambana na shangazi yangu. Nilikuwa nikipambana na kila mwalimu wa hesabu kutoka Kisumu hadi Ahero. Kwa sisi tuliosoma shule za huku, jibu lisilo na kazi ni jibu la wizi. Mwalimu wangu alikuwa akilikata jibu sahihi kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Umelitoa wapi?" Ukikosea jibu lakini umejaza ukurasa, unapata alama za njia. Tukajifunza kutoa kitu, kuzidisha kitu, kugawanya kitu, ilimradi karatasi isibaki nyeupe. Na kila aliyepita shule hizo anajua dawa moja ya Farenhaiti: toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Waya aliichukua ile moja, akaitoa thelathini na mbili, akazidisha kwa tano, akagawanya kwa tisa, akapata barafu. Alipofika kwa Rankine alijumlisha mia nne na sitini, akapata maji ambayo huwezi kuyachemsha hata ukichoma msitu wote wa Kakamega.

"Thelathini na mbili ni ya kuambiana joto liko wapi," nikamwambia. "Ukiniambia leo mjini ni tisini Farenhaiti, nitatoa. Lakini hapa hatusemi joto liko wapi. Tunasema limepanda hatua moja."

"Hatua ya Farenhaiti."

"Ndiyo."

"Na Farenhaiti inatolewa thelathini na mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni sheria."

"Aliiweka nani?"

"Yawa! Msichana huyu!" Akawageukia mashahidi ambao hawakuwepo. "Ndiyo maana hakuna anayekuajiri. Ukipewa mshahara utauliza kwa nini."

Jioni ile kikundi chake cha maombi kilikuja kumwombea. Waliomba kwa bidii, wakaitaja hoteli, wakamtaja meneja, wakaitaja boila yenyewe ili isiwe na roho ya kiburi. Walipomaliza nikauliza, kwa adabu kabisa, kama wameomba kwa Selsiasi au kwa Farenhaiti. Waya alinitazama kwa jicho la kuniondoa kwenye urithi. Lakini mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani akanijibu bila kukasirika, "Nyathina, mtoto wangu, Mungu anajua kugeuza." Katika wiki nzima ile ndiye mtu pekee niliyemsikia akigeuza bila kudai kuonyesha kazi.

Jumamosi nilikuwa nimechoka kupiga magoti sakafuni. Nikamwambia Waya twende ufukweni tule samaki, na asibebe chaki.

Ziwa limepanda sana miaka hii. Vibanda vya mstari wa mbele vimebaki na paa tu, na wenyewe wamerudi nyuma na masufuria yao. Mama aliyetukaangia samaki alikuwa amesimamisha nguzo pale lilipokuwa jiko lake la zamani, akaipaka alama nyekundu za futi kuanzia usawa wa sakafu ya jiko lile. Mbele kidogo, mwenye mashua ya kutembeza wageni alikuwa na nguzo yake mwenyewe, alama zake zikianzia kwenye tope la chini, ili ajue kama mashua itakwama. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima huko juu, na watu hawa wawili walikuwa wakizozana tulipofika.

"Futi mbili," alikuwa akisema mama wa samaki, huku akiparua magamba.

"Mbili za wapi? Ni saba," akasema mwenye mashua kutoka kivulini.

"Saba za nani? Jana nimesimama humo nikiokota sufuria yangu. Nimekuwa mrefu lini?"

"Wewe unahesabu kutoka jikoni kwako, Mama. Mimi nahesabu kutoka kwenye tope."

"Jiko langu lina heshima kuliko tope lako."

Nikaweka samaki chini. "Mama, tangu Jumapili maji yamepanda kiasi gani?"

"Futi moja."

"Na kwako, Bwana?"

"Futi moja. Hilo hatubishani."

"Na hakuna anayetoa ile tano ya kati yenu?"

Mama wa samaki aliniangalia kama mtu aliyeuliza iwapo samaki wake, ngege, ana mabawa. "Nitoe ya nini? Maji yamepanda futi moja. Yamepanda kwangu, yamepanda kwake." Akamgeukia Waya. "Huyu mtoto wako anaumwa?"

Kipande cha samaki cha Waya kilikuwa kimesimama njiani, kati ya sahani na mdomo. Aliitazama nguzo nyekundu, akaitazama ile ya kwenye tope, akarudi kwenye nyekundu.

"Rankine ni huyu wa tope," akasema polepole.

"Ndiyo, Waya."

"Na Farenhaiti ni huyu wa jiko."

"Nani ananiita hivyo?" mama wa samaki akauliza, kisu mkononi.

Tulimtuliza kwa kuagiza ugali mwingine. Nikadhani nimeshinda, nikaanza kula. Waya akanigusa bega kwa kidole chenye mafuta.

"Lakini Selsiasi hatua yake ni kubwa kuliko Farenhaiti. Hapo usinidanganye. Hiyo si nguzo kuhama tu, hata futi yenyewe ni ndefu."

Nilifurahi na nikaudhika kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa hoja nzuri na haikuwa yangu. Nikatafuta mfano, na uliokuwa karibu zaidi ulikuwa umekaa mbele yangu.

"Waya, ile sare yako ya kwaya. Umeongezeka mwili tangu ushonewe ya kwanza?"

"Uliza vizuri."

"Fundi alipokushonea mpya, aliongeza kitambaa?"

"Aliongeza."

"Na inakukaa vipi?"

"Kama ile ya kwanza."

"Basi. Digrii imenenepa, na BTU ya jedwali lile imenenepa kwa kiasi kilekile. Inakaa vilevile. Moja."

Alinipiga na mfupa wa samaki. Mwenye mashua alicheka hadi akashika nguzo yake isije ikaanguka. Lakini Waya alikuwa ameshaelewa, na njiani kurudi nikampa zawadi niliyokuwa nimemfichia. Nikamwambia ukutani kuna jedwali la nne, linalopima joto kwa kazi ya kunyanyua: kuinua ratili moja futi moja. BTU moja inatosha kufanya kazi hiyo mara mia saba sabini na nane. Kwa hiyo ukienda kwenye jedwali hilo, ile moja ya maji inageuka kuwa mia saba sabini na nane, na hapo kuzidisha ni halali.

Waya alisimama katikati ya barabara. "Mia saba sabini na nane," akasema, kwa sauti ambayo wengine huitumia kwa wajukuu. "Hiyo ndiyo hesabu. Kwa nini hukuanza na hii?"

Siku ya mahojiano alisahau miwani yake nyumbani kwa makusudi, ili niwe na sababu ya kumletea. Nilipofika kwenye chumba cha boila nilimkuta fundi wa umeme akitoka, unga wa chaki umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Rahisi sana. Ubao haukutosha."

"Ulitoa thelathini na mbili?"

"Lazima," akasema kwa huruma. "Kwani wewe hukusoma?"

Nikanyamaza. Wanaonijua hawataamini.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta mazito. Injinia, mzee mwembamba mwenye fulana ya sufu licha ya joto lile, alikuwa amekalia kiti cha boila. Meneja alikuwa amesimama karibu na mlango akitazama simu yake, kwa sababu tangu asubuhi shuka zilikuwa hazijapigwa pasi. Nilimpa Waya miwani na kujibanza kwenye bomba lililokuwa baridi.

"Mama," injinia akaanza, "joto mahususi la maji, jedwali la Farenhaiti."

"Moja."

"Geuza kwa Rankine."

"Moja."

"Selsiasi."

"Moja."

Injinia akashusha miwani yake hadi ncha ya pua. "Onyesha kazi."

Nikauona mkono wa Waya ukienda ubaoni wenyewe, kama mkono wa mtoto anayeitwa na mwalimu. Chaki ikaandika tatu. Nilijua kinachoifuata ile tatu, na nilijua kwamba nyuma yake kuna rola na mikono ya kuungua hadi atakapostaafu. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa akiifuta kwa mkono wa sweta.

"Hapa hakuna kazi, Mzee," akasema. "Digrii ni ileile, mwanzo ndio umehama. Na kwa Selsiasi vyote viwili vimenenepa pamoja. Kwa nini unataka kazi mahali ambapo haipo?"

Meneja akakohoa.

"Kwa nini?" injinia akarudia, kama mtu asiyezoea kukaa upande ule wa swali.

"Ndiyo. Mtu akitoa kitu amekosea. Asipotoa, unamwambia onyesha kazi. Si unamsukuma akosee?"

"Ninamsukuma," injinia akakubali. "Na boila itamsukuma. Sindano itacheza kidogo, meneja atapiga kelele kwamba shuka zimechelewa, na mtu atashika valvu ambayo haikuhitaji kushikwa, ili aonekane anafanya kazi. Nimezika watu wa namna hiyo. Nataka mtu anayeweza kuuzuia mkono wake."

Hata mimi sikuwa na kwa nini.

"Sasa pamba," akaendelea. "Shuka kavu. Kwa Farenhaiti tuseme ni sehemu tatu za kumi. Kwa Rankine?"

"Moja!" akasema Waya, ambaye kwa wakati ule alikuwa akipaa.

Injinia akamtazama. Meneja akaacha simu. "Pamba na maji ni kitu kimoja, Mama?"

Waya akanitupia jicho. Nikayatazama mabomba, kwa sababu uso wangu haujui kunyamaza.

"Hapana, Mzee," akasema baada ya kuvuta pumzi. "Hiyo moja ilibaki mdomoni. Pamba ni tatu za kumi kwa Farenhaiti, ni tatu za kumi kwa yule wa tope, kwa Rankine yaani, na ni tatu za kumi kwa Selsiasi. Ukibadilisha kitu, namba inabadilika. Hayo majedwali matatu ukiyabadilisha, haibadiliki."

"Na la nne? La futi na ratili?"

Uso wa Waya ulifunguka kama mlango wa kanisa. Aliandika mia saba sabini na nane kwa tarakimu kubwa ambazo ungezisoma kutoka barabarani, akaizidisha kwa tatu, akagawanya kwa kumi, akapata mia mbili thelathini na tatu nukta nne. Akapiga mistari miwili chini.

"Na hapo," akasema, "kazi nimeonyesha."

Injinia alinyanyuka kwenye kiti, akajipangusa suruali. "Mpe funguo," akamwambia meneja. "Yule mwenye kalamu abaki na umeme."

Meneja akasema atamjaribu kwanza, kisha akaitazama saa, akaongeza kwamba kujaribiwa kunaweza kuanza sasa hivi, kwa kuwa wageni wa vyumba vya juu hawana shuka. Akampa funguo. Waya hakushangilia. Aliliendea lile jicho la kioo linaloonyesha usawa wa maji ndani ya boila, akaliangalia kwa muda, akaangalia geji, na hakugusa kitu.

Nilikuwa na furaha iliyohitaji pa kutokea, nikamgeukia injinia. Nikamuuliza kwa nini majedwali manne yasifanywe moja. Nikamuuliza hizo tatu za kumi za pamba zilipimwa na nani, na shuka za namna gani. Nilikuwa naingia kwenye swali la kufulia nguo kwa maji ya ziwa niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wewe."

"Naam, Waya?"

"Unafanya kazi hapa?"

"Waya, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimeuliza kama unafanya kazi hapa."

"Hapana."

"Chumba hiki ni cha wafanyakazi peke yao."

"Nani aliweka sheria hiyo?"

"Sijui. Toka nje, ukaulizie huko."

Injinia alijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Nikatoka. Mlango ukafungwa, ufunguo ukazunguka, na baada ya muda nikasikia rola ikinguruma upande wa dobi, ambako mtu mwingine sasa alikuwa akiingiza shuka.